Maisha ya Upendrakishore Ray, Msimulizi wa Watoto

Tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya majemadari na ya wasafiri waliovuka bahari. Leo nataka kuwaletea habari za mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala hata kijiji. Kazi yake ilikuwa kuwasimulia watoto hadithi za kale, na kuzipiga chapa vizuri. Katika nchi ya Bengali jina la Upendrakishore Ray linajulikana nyumba kwa nyumba, ingawa alikufa mwaka 1915. Huku kwetu ni wachache walisikialo.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi yangu tangu nilipotoka shuleni ni ya kupiga chapa, na bwana huyu alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hii. Ya pili, jambo alilolifikiri maisha yake yote ndilo linalotukabili sisi pia: hadithi za wazee zitawafikiaje watoto ambao hawakai tena na wazee?

Alizaliwa mwezi wa Mei, 1863, katika kijiji cha Masua, wilaya ya Mymensingh, upande wa mashariki wa Bengali. Siku hizo sehemu kubwa ya Bara Hindi ilikuwa chini ya Waingereza. Leo Mymensingh imo katika nchi ya Bangladesh. Wazazi wake walimwita Kamadaranjan. Baba yake, Kalinath Ray, alikuwa mtu wa elimu aliyejua Kisanskriti, Kiarabu na Kiajemi. Mtoto alipofika umri wa miaka mitano hivi, jamaa mmoja wa ukoo, Harikishore, mwenye mashamba na mali nyingi, alimchukua akamfanya mwanawe. Akambadili jina, akawa Upendrakishore Ray Chowdhury. Hivyo kijana alilelewa katika nyumba ya kitajiri iliyoshika sana mila na ibada za Kihindu.

Katika shule ya serikali ya Mymensingh alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini mkono wake ulipenda kalamu ya kuchorea, na masikio yake yalipenda zeze la Kizungu liitwalo fidla. Inasimuliwa kwamba siku moja Sir Ashley Eden, mtawala wa Bengali wa wakati huo, alikuja kuitazama shule. Wakati wote mgeni akisema, Upendrakishore aliinamisha kichwa akiandika. Mgeni akataka kuona kilichoandikwa, walimu wakaingiwa na hofu. Kumbe ilikuwa ni sura yake mwenyewe Sir Ashley, imechorwa barabara. Badala ya kukasirika alimsifu kijana, akamhimiza asiiache kazi hiyo. Sijui kama mgeni alikumbuka jambo hilo hata jioni, lakini kijana hakulisahau.

Alifaulu mtihani wake, akapewa msaada wa masomo, akaenda Calcutta, mji mkuu wa Bara Hindi wa siku hizo. Mwaka 1884 akapata shahada ya B.A. Kabla ya hapo, akiwa bado mwanafunzi, alikwisha kuanza kuandika katika gazeti la watoto lililoitwa Sakha. Wanafunzi wa leo mnaodhani kwamba kuandika ni kazi ya watu wazima, fikirini habari hiyo.

Huko Calcutta alifanya jambo jingine lililobadili maisha yake. Alijiunga na Brahmo Samaj, chama cha dini kilichoanzishwa na Ram Mohan Roy mwaka 1828. Watu wa chama hiki walimwabudu Mungu mmoja bila sanamu, wakapinga ndoa za watoto na ubaguzi wa matabaka, wakataka wasichana wasomeshwe. Kwa jamaa wa nyumba iliyomlea habari hizi zilikuwa chungu, na mfarakano ukaingia. Hata hivyo Upendrakishore hakurudi nyuma. Alimwoa Bidhumukhi, binti wa Dwarkanath Ganguly, mtu mashuhuri aliyepigania haki za wanawake. Mke wa pili wa Dwarkanath alikuwa Kadambini, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kupata shahada katika Chuo Kikuu cha Calcutta, naye baadaye akawa daktari. Basi hiyo ndiyo nyumba aliyooa.

Hapa msomaji ataniuliza: Mtu aliyeacha ibada za sanamu alikuwa na haja gani na hadithi za miungu ya Kihindu? Ili kujibu, yafaa kwanza niseme machache juu ya hadithi zenyewe.

Wahindu wana tenzi mbili kubwa za kale kuliko zote, zilizotungwa kwa Kisanskriti. Wa kwanza ni Ramayana, wenye mashairi yapata 24,000, ambao husemwa kuwa ulitungwa na Valmiki. Huo ni utenzi wa Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyekubali kwenda kukaa porini miaka 14 ili ahadi ya baba yake isivunjike. Mkewe Sita na nduguye Lakshmana walimfuata. Huko porini Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, alimwiba Sita. Rama akasaidiwa na jeshi la nyani, na Hanuman akiwa shujaa wao. Wakajenga daraja juu ya bahari, wakapigana, wakamrudisha Sita.

Utenzi wa pili ni Mahabharata, wenye mashairi karibu 100,000 katika vitabu 18. Huo waeleza ugomvi wa watoto wa ndugu wawili: Wapandava watano, na Wakaurava mia moja. Mkubwa wa Wapandava alicheza kamari akapoteza ufalme wake, akapoteza ndugu zake, akajipoteza mwenyewe, mwisho akamweka rehani na mke wao Draupadi. Mambo hayo yakaleta vita vya siku 18 katika uwanja wa Kurukshetra, vita ambavyo karibu wote walikufa, na walioshinda wakabaki wakilia.

Kwa karne nyingi watu wa Bengali hawakuhitaji kujua Kisanskriti ili wazijue habari hizi. Krittibas Ojha aliutunga utenzi wa Rama kwa Kibengali katika karne ya 15, na Kashiram Das akafanya vivyo hivyo kwa Mahabharata karne mbili baadaye. Wasimulizi walikwenda mji kwa mji. Akina bibi walihadithia usiku. Mtoto alizisikia kabla ya kujua kusoma, na alipokuwa mzee alizisimulia kabla ya kufa. Mnyororo haukukatika.

Lakini wakati wa Upendrakishore mnyororo ulianza kulegea. Vijana waliokwenda Calcutta kutafuta masomo na kazi za ofisini waliwaacha wazee vijijini. Watoto wao walizaliwa katika nyumba za mjini, bila bibi wa kuwasimulia. Shuleni walisoma Kiingereza, na hata vitabu vya Kibengali vilijaa maneno mazito ya Kisanskriti ambayo mtoto hakuyaelewa. Mtoto wa Calcutta aliweza kuzijua habari za wafalme wa Uingereza kuliko za Rama. Nasi tuliosoma Uganda wakati fulani twalijua jambo hilo, kwa maana wengi wetu tuliweza kutaja mito ya Ulaya kabla ya kuujua ukoo wa babu zetu.

Naona Upendrakishore alifahamu kwamba hadithi ni urithi wa watu wote wa nchi, si mali ya wenye ibada peke yao. Mtu aweza kuacha kusujudu mbele ya sanamu, na bado akamheshimu Rama kwa kutimiza ahadi, na kumwonea huruma Draupadi kwa aibu aliyotiwa. Basi akakaa kitako, akaandika Ramayana kwa watoto. Baadaye akawaandikia Mahabharata pia, na tena akautunga utenzi wa Rama kwa mashairi mafupi mepesi kwa wale wadogo zaidi. Aliandika kwa lugha ya nyumbani, sentensi fupi, kama mtu anayezungumza na mtoto aliye mbele yake. Tenzi zile ni ndefu mno, na kuchagua cha kuacha ni kazi ngumu kuliko kuchagua cha kuandika. Kila mwenye kusimulia ajua: ukiacha mengi, hadithi hufa, usipoacha kitu, mtoto hulala.

Ramayana ile ilipotoka katika miaka ya 1890, mwandishi alihuzunika. Alikuwa amechora picha kwa mkono wake mwenyewe kwa uangalifu sana. Lakini siku zile huko Bengali picha ya kitabu ilichongwa kwanza juu ya kibao, na mchongaji, akiwa si yule aliyechora, aliweza kuiharibu. Ndivyo ilivyokuwa. Sura alizozitia uhai zilitoka nzito na zimekufa.

Mtu mwingine angalilalamika akanyamaza. Yeye aliona kwamba mtoto hupewa kilicho bora, wala si makombo. Akaazimia kujifunza kazi ya kupiga chapa picha tangu mwanzo. Mwaka 1895 aliagiza mitambo na vitabu kutoka Uingereza, akaanzisha kiwanda chake kilichokuja kuitwa U. Ray and Sons. Alijifundisha mwenyewe.

Niruhusuni nieleze kidogo kazi yenyewe, maana ndiyo riziki yangu. Wino wa chapa ni mweusi tu, hauna kijivu. Sasa utapigaje chapa picha yenye kivuli na mwanga? Mafundi waligundua kwamba picha ikipitishwa kwenye kioo chenye mistari myembamba sana inayokatana, hugawanyika kuwa nukta ndogo ndogo. Palipo na giza nukta huwa kubwa, hata hugusana. Palipo na mwanga huwa ndogo kama vumbi. Jicho likitazama kwa mbali huona kivuli laini. Chukua gazeti la zamani, ulitazame kwa kioo cha kukuzia, utaziona nukta hizo. Shida ilikuwa kujua kioo kikae umbali gani na mwanga uingie kwa tundu la namna gani. Mafundi wengi walibahatisha. Upendrakishore alitumia hesabu. Akiwa Calcutta, mbali na viwanda vikubwa vya Ulaya, alitafuta kanuni za jambo hilo, akabuni na njia mpya. Makala zake zilitolewa London katika kitabu cha mafundi kilichotoka kila mwaka, Penrose Annual, na mafundi wa Ulaya wakazisoma kwa heshima. Na mwanzo wa hayo yote ulikuwa picha za Rama na Hanuman zilizoharibika katika kitabu cha watoto!

Hakuishia kwenye tenzi kubwa. Mwaka 1910 alitoa kitabu kiitwacho Tuntunir Boi, yaani kitabu cha Tuntuni, ndege mdogo ashonaye majani kufanya kiota. Ndani yake mna hadithi ambazo wanawake wa Bengali ya mashariki waliwahadithia watoto jioni ili wasilale kabla ya kula. Ndege huyu mdogo humshinda mfalme, na mbweha humdanganya chui milia. Mimi niliposoma tafsiri ya hadithi hizo nilicheka peke yangu, maana nilimwona sungura wetu na fisi wetu wamevaa ngozi nyingine. Ona basi, mtu yule yule aliyeandika vita vya wafalme hakudharau hadithi za jikoni.

Mwezi wa Aprili, 1913, alianzisha gazeti la watoto akaliita Sandesh. Neno hilo lina maana mbili katika Kibengali: ni habari, na tena ni aina ya tamutamu inayotengenezwa kwa maziwa. Mtoto aliyelipokea alipata vyote viwili. Gazeti lilikuwa na hadithi za kale, mafumbo, habari za wanyama na za elimu ya sayansi, na picha zilizopigwa chapa kwa ustadi wa hali ya juu. Sehemu kubwa aliiandika mwenyewe, akaichora mwenyewe. Humo alitoa hadithi ya Goopy na Bagha, mwimbaji mbaya na mpiga ngoma mbaya waliofukuzwa na watu wao, wakakutana na mizimu msituni.

Lakini mwili wake ulikuwa umeanza kudhoofika. Alishikwa na ugonjwa wa kisukari, na insulini haikuvumbuliwa mpaka mwaka 1921. Alikufa tarehe 20 Desemba, 1915, akiwa na umri wa miaka 52. Gazeti lake lilikuwa halijatimiza miaka mitatu.

Wahenga walisema: Mwana wa mhunzi asiposana hufukuta. Watoto wa Upendrakishore, wa kiume na wa kike, walikuwa watu wa kalamu. Mwanawe Sukumar, aliyekwenda Uingereza mwaka 1911 kusomea kazi ya chapa, alilishika gazeti na kiwanda. Alikuwa mtunzi hodari wa mashairi ya kuchekesha. Lakini naye alipatwa na kala-azar, ugonjwa uenezwao na usubi, ambao watu wa Karamoja na Baringo wanaujua pia. Akafa mwezi wa Septemba, 1923, kabla ya kutimiza miaka 36. Kitabu chake kikubwa, Abol Tabol, kilitoka siku chache baada ya maziko. Aliacha mjane na mtoto mmoja wa kiume wa miaka miwili.

Baada ya hapo kiwanda kilishindwa kwa madeni, kikauzwa. Gazeti likasimama, likafufuliwa kwa muda, likasimama tena. Mtu angeliweza kusema kwamba kazi ya babu imekwisha, na kwamba mnyororo umekatika kabisa.

Haukukatika. Yule mtoto wa miaka miwili alikuwa Satyajit Ray. Hakumwona babu yake hata mara moja, kwa maana alizaliwa mwaka 1921. Alimjua kwa vitabu vyake na picha zake tu, kama watoto wengine wote wa Bengali. Alipokua alikuwa mchoraji, kisha akawa mtengenezaji wa sinema aliyesifiwa dunia nzima. Mwaka 1961, pamoja na mshairi Subhas Mukhopadhyay, alilifufua gazeti la Sandesh, akaliandikia na kulichorea kwa miaka mingi. Mwaka 1969 alitoa sinema ya Goopy na Bagha, ile hadithi ya babu yake. Watu walijazana kuitazama. Hadithi iliyoandikwa na mgonjwa mwaka wa mwisho wa maisha yake iliwachekesha watoto miaka 54 baadaye.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali sana na habari hizi. Wahindi walioletwa kujenga reli ya Uganda tangu mwaka 1896, na wafanyabiashara waliowafuata, walikuja na Rama na Sita katika vichwa vyao. Taa za Diwali zinazowashwa Kampala, Jinja na Nairobi, kwa wengi wao ni ukumbusho wa kurudi kwa Rama nyumbani. Na mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda, waliruhusiwa kuondoka na mali kidogo tu. Maduka yalibaki, na nyumba zilibaki. Hadithi hazikubaki, kwa sababu askari wa uwanja wa ndege hawezi kupekua alichohadithiwa mtu na bibi yake.

Lakini nisiwadanganye. Hadithi iliyo kichwani haizuiliwi njiani, ila yaweza kufa kimya kimya sebuleni, bila mtu kuifukuza, kwa kukosa wa kuisimulia na wa kuisikiliza. Hilo ndilo aliloliona Upendrakishore, na ndiyo sababu alishika kalamu, akashika brashi, mwisho akashika na mtambo wa chapa.

Ninyi mlioko shuleni sasa, wengi wenu mna bibi au babu aliye hai. Likizo ikifika, mwombe akuhadithie hadithi moja, uiandike kama asemavyo, kwa lugha ya nyumbani. Ukijua kuchora, ichoree picha. Kisha iandike kwa Kiswahili, umpe mhariri wa gazeti hili. Na sisi tuliokwisha kutoka shuleni tusikae tukiwalaumu vijana kwamba hawajui mambo ya kale, huku sisi wenyewe tunaporudi nyumbani jioni hatuwasimulii neno. Mtoto hawezi kurithi kilichofungiwa kinywani mwa mzee.